Mitishamba kwa Kuku wa Mayai Waliochanjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mtwara na Lindi

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila msimu, kuanzia kwenye maduka ya dawa za mifugo Masasi hadi kwenye simu za wafugaji wa Newala, Nachingwea na Lindi mjini. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, utaelekezwa namba ya swali. Vipimo ni vya kuku wakubwa wanaotaga au wanaokaribia kutaga, isipokuwa pale vifaranga walipotajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kuku wangu wamechanjwa. Mitishamba ya nini tena?

Chanjo humfundisha kuku kuutambua ugonjwa mmoja: kideri, gumboro au ndui. Anayetengeneza kinga ni kuku mwenyewe, na ili aitengeneze anahitaji protini, vitamini A, madini na utumbo unaofanya kazi. Kuku aliyekonda, aliyejaa minyoo au anayehema mchana kutwa kwa joto la Desemba hupata tone lile lile la chanjo kama wenzake, ila kinga anayoijenga ni hafifu.

Hapo ndipo mimea ina nafasi. Inalisha, inasaidia utumbo, na baadhi inapunguza mzigo wa wadudu. Haichanji, wala haiongezi chochote ndani ya chupa ya chanjo.

2. Basi naweza kuacha chanjo nikatumia mwarobaini na shubiri peke yake?

Hapana. Kideri, ambacho wengine huku huita mdondo, hakina dawa ya hospitali wala ya porini. Kikiingia kwenye banda lisilochanjwa kinaweza kuondoka na karibu kuku wote ndani ya siku chache. Shubiri ya Afrika Mashariki imewahi kupimwa na watafiti dhidi ya kideri, na nafuu iliyoonekana haikukaribia ile inayoletwa na chanjo.

Chanjo ya I-2, ile ya kudondosha jichoni, inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kwa kuku mmoja gharama yake ni ndogo kuliko bei ya yai. Sioni hesabu itakayomfanya mfugaji wa kuku wa mayai aiache.

3. Je, ni kweli mitishamba inaongeza nguvu ya chanjo, au ni maneno ya wauzaji?

Kuna ukweli na kuna chumvi. Zipo tafiti ambazo kuku waliochanjwa kideri na kulishwa unga wa mlonge, kitunguu saumu au manjano walipimwa damu wakakutwa na kinga ya juu kuliko wenzao. Zipo nyingine ambazo tofauti haikuonekana. Ukiangalia kwa makini, kuku waliokuwa na upungufu ndio wanaofaidika zaidi. Anayekula chakula kamili, chenye premiksi nzuri (mchanganyiko wa vitamini na madini), ana nafasi ndogo ya kuongezewa kitu.

Kwa hiyo kabla hujaulizia mti gani, jiulize kuku wako wanakula nini. Mfugaji anayewapa pumba tupu na dagaa kidogo ataona mabadiliko makubwa akiongeza mlonge. Anayenunua chakula cha layers (kuku wa mayai) cha kiwandani huenda akaona rangi ya kiini tu.

4. Kuku wa mayai awe amepata chanjo zipi?

Ratiba hutofautiana kidogo kati ya wauza vifaranga, lakini mwendo wa kawaida ni huu: mareksi siku ya kwanza, huko huko wanakototoleshwa, kideri karibu na siku ya 7 na kurudia karibu na wiki ya 3, gumboro kuanzia wiki ya 2 na kurudia wiki ya 3 au ya 4, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Baada ya hapo kideri hurudiwa kila miezi mitatu, hata kuku akiwa anataga. Wengi huacha hapo kwa kuogopa kwamba utagaji utashuka. Unaweza kuyumba kidogo kwa siku chache, ndiyo, lakini hilo si la kulinganishwa na banda tupu.

Omba ratiba iliyoandikwa kwa anayekuuzia vifaranga, kisha muoneshe afisa mifugo wa kata.

## Mmea kwa mmea

5. Kwa huku kwetu, mmea upi ndio wa kuanza nao?

Mlonge, bila kusita. Unaota kirahisi kwenye mchanga wa pwani na kwenye nyanda za Makonde, unavumilia kiangazi kirefu cha kuanzia Mei hadi Novemba, na ukikatwa unachipua tena. Majani yake makavu yana protini ya karibu robo ya uzito wake, pamoja na vitamini A kwa wingi. Vitamini hiyo ndiyo inayolinda ngozi laini ya macho, koo na utumbo, yaani milango ambayo magonjwa ya kuku hupitia. Kuku mwenye upungufu wa vitamini A huumwa macho na mafua hata kama amechanjwa kila kitu.

Kipimo cha unga mkavu ni kilo 2 hadi 5 katika kila kilo 100 za chakula. Kuku mia moja wa mayai hula takriban kilo 11 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo ukitumia asilimia 3 unahitaji kama gramu 350 za unga kila siku. Usivuke asilimia 5 ukidhani zaidi ndiyo bora. Ukifika 10, utagaji huelekea kushuka, kwa sababu majani yana nyuzinyuzi nyingi na yanachukua nafasi ya chakula chenye nguvu.

Asiye na mizani wala muda anaweza kufunga matawi mabichi kwa kamba na kuyaning'iniza bandani, usawa wa kichwa cha kuku au juu kidogo. Watayarukia na kuyadonoa hadi kibaki kijiti. Faida ya pili haitajwi sana: kuku walioshughulika na tawi hawadonoani mikia.

Tumia majani. Mizizi na magome ya mlonge yana sumu, waachie wenyewe wanaojua kuyatumia.

6. Mwarobaini je? Kila mtu huku anautumia.

Anautumia, na mara nyingi kupita kiasi. Mwarobaini una kazi zake, lakini kwa kuku anayetaga mimi nauweka nje ya mwili wake zaidi kuliko ndani.

Tatizo la kwanza ni uchungu. Maji yakiwa machungu kuku hunywa kidogo, na kuku asiyekunywa hatagi. Kwenye joto la Kilwa au Mikindani nusu siku tu inatosha kuonekana kwenye trei ya kesho. La pili ni kwamba mwarobaini, hasa mbegu na mafuta yake, unajulikana kuvuruga uzazi wa wanyama ukitolewa kwa wingi au kwa muda mrefu. Mfugaji huona mayai yanapungua, anadhani ni ugonjwa, anaongeza mwarobaini. Ukijikuta hapo, simamisha kabisa, wape maji safi na chakula kamili, kisha subiri wiki moja au mbili kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Unapofaa sana ni dhidi ya utitiri, chawa na viroboto vinavyoganda kichwani. Ponda majani mabichi, loweka usiku kucha, chuja, changanya na sabuni kidogo ili yashike, kisha nyunyizia vichanja, nyufa za mbao na viota vilivyo vitupu. Fanya hivyo jioni, rudia baada ya wiki moja kwa sababu mayai ya utitiri yatakuwa yameanguliwa. Kuku anayenyonywa damu kila usiku hana cha kujengea kinga, hivyo dawa ya kwenye vichanja inasaidia chanjo kuliko ile ya kwenye kinyweo.

Ukitaka kuwapa majani, machache makavu yaliyosagwa ndani ya chakula, si zaidi ya kilo 1 kwa kilo 100, kwa siku tatu, kisha basi.

7. Kitunguu saumu, tangawizi na manjano?

Vyote vitatu havina ubaya kwa kiasi. Kitunguu saumu kina sifa ya kupunguza vijidudu vya tumboni, na nguvu yake hutokea pale kinapopondwa. Kikichemshwa kikiwa kizima, nguvu hiyo inapotea. Ponda kwanza, kiache dakika kama kumi, ndipo uchanganye kwenye chakula. Kipimo ni kilo 1 ya unga mkavu, au karibu kilo 2.5 za kibichi, kwa kilo 100 za chakula. Bei yake yenyewe itakuzuia kukitumia kila siku: toa siku tano kwa vipindi vya mpito, kama kuhamishwa banda au kuanza kutaga.

Manjano nusu kilo kwa kilo 100 inatosha. Tangawizi vivyo hivyo. Manjano ya dukani nunua mazima usage mwenyewe, kwani ya unga huchanganywa na mambo mengine.

8. Shubiri?

Nyama nyeupe ya ndani haina shida. Kinacholeta shida ni utomvu wa njano ulio chini ya ganda: huo ni dawa ya kuharisha. Kata jani, lisimamishe sehemu iliyokatwa ikiwa chini mpaka utomvu uchuruzike wote, ndipo umenye. Wanaotumbukiza jani zima kwenye ndoo ya maji ndio wanaopiga simu siku ya pili kuuliza kwa nini kuku wanaharisha.

9. Pilipili haziwaunguzi?

Haziwaunguzi. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi, ndiyo maana porini wao ndio wasambazaji wa mbegu zake. Pilipili nyekundu iliyosagwa huongeza rangi ya kiini na kuchangamsha ulaji. Kwa kinga, haina cha ajabu.

10. Ubuyu na ukwaju wakati wa joto?

Wazo zuri. Kuku hujitengenezea vitamini C mwenyewe, lakini kwenye joto kali hutumia zaidi ya anachotengeneza, na ubuyu unayo tele. Loweka unga wa ubuyu bila sukari, chuja, uwe uchachu mwepesi kwenye ulimi wako. Wape saa za mchana, kwa siku mbili au tatu za joto baya. Ukwaju ni hivyo hivyo, ila mwepesi zaidi. Maji haya ni chachu, kwa hiyo yasikutane na chanjo kwa namna yoyote (swali la 13), na usiyaweke kwenye chombo cha bati.

11. Msimu wa korosho mabibo yanaoza shambani. Yanafaa?

Kuanzia Oktoba swali hili haliishi. Bibo bichi lina vitamini C nyingi, na kuku wanalipenda, lakini ni maji matupu kwa sehemu kubwa, lina ukakasi unaozuia protini kutumika vizuri, na kufikia jioni limeanza kuchacha. Wape yaliyookotwa asubuhi, yamekatwa vipande, baada ya kula chakula chao. Mabaki yaondolewe mchana. Kuku waliolewa mabibo si mzaha. Wanalala ovyo na kuacha kula.

Hakikisha hakuna ganda la korosho ndani yake. Mafuta ya ganda yanayobabua vidole vya wabanguaji yanababua na koo la kuku.

12. Mimea gani nisiiguse kabisa?

Utupa: ule ule wanaovulia samaki kwa sumu. Wengine huutumia kuua chawa wa kuku. Ukiingia kwenye maji ya kunywa ni msiba. Mnyaa, ambao utomvu wake unapofusha macho. Mbegu za mbarika. Majani ya mparachichi, ambayo ni sumu kwa ndege. Majani mabichi ya muhogo mchungu. Tumbaku. Mtu akikuambia babu yake alikuwa akiitumia, huenda ni kweli, ila babu hakuwa na layers mia mbili wanaodaiwa trei sita kila siku.

## Siku za chanjo

13. Niwape mitishamba siku ya chanjo ya kwenye maji?

Usiwape. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na ndilo linaloulizwa mtu akiwa ameshafanya.

Chanjo za kideri na gumboro zinazowekwa kwenye maji ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Vinatakiwa vifike mwilini mwa kuku vikiwa hai. Maji yenye uchachu wa ukwaju, ukakasi wa majani, kitunguu saumu au chochote ulichokisifia kwamba kinaua vijidudu, yanaweza kuviua na hivyo pia. Mfugaji anamaliza kazi akiwa na amani, na kuku hawajachanjwa.

Fanya hivi. Siku mbili kabla, mitishamba yote itoke kwenye maji, na vinyweo vioshwe kwa maji matupu bila sabuni wala dawa. Siku yenyewe tumia maji yasiyo na klorini. Wenzetu wa Newala na Tandahimba wenye visima vya kuvunia maji ya mvua wana bahati hapa, mradi maji hayo ni safi na hayakutiwa dawa. Wa mjini wanaotumia maji ya bomba wachanganye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, wasubiri nusu saa kabla ya kutia chanjo. Maji ya visima vya pwani yenye chumvi hayafai, kuku watayanywa kwa kusitasita.

Waondolee maji saa moja hadi mbili ili wawe na kiu. Kwa joto letu usizidishe. Anza alfajiri. Maji ya chanjo yawe ya kumalizika ndani ya saa mbili, vyombo viwe vya plastiki na viwe vya kutosha, la sivyo wababe watakunywa sehemu ya wanyonge. Baada ya hapo maji matupu kwa siku mbili, ndipo urudishe mitishamba ya kwenye maji ukitaka.

Mlonge uliochanganywa kwenye chakula hauna haja ya kusimamishwa.

14. Na chanjo ya tone la jicho?

Hii haikutani na maji ya kunywa, hivyo masharti ni mepesi. Anayeshika alaze kichwa cha kuku upande, jicho moja litazame juu. Tone likishaanguka msimwachie. Subirini litandae na kuku apepese. Akitikisa kichwa na tone likaruka, rudia. Mwanzoni watu hufanya haraka, na nusu ya banda huondoka na mashavu yaliyolowa tu.

I-2 inastahimili joto kuliko nyingine, lakini kustahimili si kuotea jua. Isafirishwe kwenye ubaridi, ikae kivulini, na chupa ikishafunguliwa imalizike siku hiyo.

15. Nimeshachanganya mitishamba na chanjo. Nifanyeje?

Hesabu kwamba hujachanja. Mwambie afisa mifugo ukweli wote, mpange siku ya kurudia. Kuku aliyekuwa amepata kinga hatadhurika kwa kurudiwa. Kwa ndui unaweza kujihakikishia mwenyewe: siku 7 hadi 10 baada ya kuchoma, inua bawa utazame pale sindano ilipopita. Pakiwa na kiuvimbe au kigaga, imeshika. Kideri na gumboro hazina alama ya kuonekana kwa macho, ni kipimo cha damu tu, na kwa kanda yetu TVLA ina kituo Mtwara.

16. Baada ya chanjo ya kideri kuku wanakoroma kidogo. Niwape nini?

Mkoromo mwepesi siku chache baada ya chanjo hai ni kawaida, na huisha wenyewe. Punguza vumbi la maranda, fungua upande wa upepo, wape vitamini au mlonge kwenye chakula. Usiwafukizie majani. Moshi kwenye koo ambalo tayari lina mwasho ndiyo namna ya kualika mafua ya kweli. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo kupinda au vifo, huo si mkoromo wa chanjo, nenda swali la 21.

## Kuvuna, kukausha, kupima

17. Majani niyakaushe juani?

Kivulini, kwenye upepo, yametandazwa tabaka jembamba juu ya mkeka au neti. Jua kali linaua vitamini A. Unga uliogeuka rangi ya udongo umebaki jina. Yakiwa tayari yanavunjika kwa mlio ukiyafinya. Pekecha, chekecha vijiti, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Unyevunyevu wa pwani hurudisha ukungu upesi, kwa hiyo saga ya wiki mbili tatu, si ya mwaka.

Kuna jambo la huku kwetu peke yake: mlonge na mwarobaini mingi imesimama kwenye mipaka ya mashamba ya korosho. Kuanzia Juni watu wanapuliza salfa na viuatilifu dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), na upepo hauulizi mpaka. Majani ya wakati huo usiyavune karibu na mikorosho. Vuna akiba mapema, mvua zinapoisha, majani yakiwa mengi.

18. Sina mizani.

Chukua kikombe chako kimoja, kijaze unga, kapime mara moja dukani. Andika uzito wake ukutani. Kikombe hicho kisitoke bandani.

19. Nitoe kwa muda gani?

Mlonge ni chakula, unaweza kuwa wa kila siku. Vingine vyote ni siku tatu hadi tano, kisha pumziko la wiki mbili au zaidi. Dawa ya kila siku inaficha dalili, na mfugaji anachelewa kujua banda linaumwa.

## Mayai na walaji

20. Mayai yatanuka? Kuna siku za kusubiri kabla ya kuuza?

Kwa vipimo vilivyotajwa hapa, mayai hayabadiliki harufu. Kitunguu saumu kikizidi kinaweza kusikika, na wateja wa chapati mayai wana pua. Mlonge utafanya kiini kiwe cha njano iliyokolea, jambo ambalo wanunuzi huku wanalipenda na kuliita la kienyeji.

Siku za kusubiri zinahusu dawa za viwandani. Ukiwa umewapa antibayotiki, soma maandishi ya chupa na uyaheshimu, hata kama ulichanganya na majani. Jani haliondoi dawa kwenye yai.

Ganda likianza kuwa laini, usiongeze mti mwingine. Angalia kalsiamu kwanza: kuku anayetaga anahitaji chakula chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na kila unachoongeza juu ya chakula kamili kinaipunguza. Makombe ya chaza, yaliyooshwa chumvi na kupondwa saizi ya punje ya mtama, yapo bure ufukweni.

## Hali ngumu

21. Wamechanjwa, wanapata mitishamba, na bado wanakufa. Kwa nini?

Kwanza, mpigie afisa mifugo leo, kabla hujamaliza kusoma. Vifo vya ghafla vya kuku wengi ni vya kutoa taarifa, kwa sababu mafua makali ya ndege nayo hufanana na kideri. Usiuze waliobaki, usichinje wagonjwa ukagawia majirani, usitupe mizoga korongoni; chimba, fukia.

Sababu za kawaida ni chache. Chanjo iliharibika njiani: ilitakiwa nyuzi 2 hadi 8, ikasafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam na kipande cha barafu kilichoyeyuka kabla ya Somanga. Au kuku walikuwa wameshaambukizwa siku unayochanja, maana kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kusimama. Au ni ugonjwa ambao hukuuchanjia kabisa, kama homa ya matumbo ya kuku au kuhara damu. Au marudio ya miezi mitatu yalipita kimya.

Nyingine ni ya kimyakimya na ndiyo ninayoishuku zaidi mikoa hii: sumukuvu. Tunalisha mashudu ya karanga na mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevunyevu wa pwani, na ukungu wa humo hutoa sumu inayoumiza ini na kudhoofisha kinga. Kuku wa namna hiyo ukimchanja, mwili hauitikii ipasavyo. Hakuna mtishamba unaotibu chakula kibovu. Mashudu yenye harufu ya uvundo au punje zenye rangi ya kijani na nyeusi yamwagwe, uchungu wa hasara ukiwa bado mdogo. Mashudu ya ufuta, yakiwa mapya, ni mbadala mzuri.

22. Kuna mtu anauza chupa ya "mitishamba" inayotibu kila kitu, na kweli kuku wanaamka. Ninunue?

Ikiwa kuku wanaamka ndani ya siku moja, uliza kilichomo. Mara nyingi ni maji ya majani yaliyotiwa kapsuli za rangi mbili za binadamu. Umelipia antibayotiki usiyoijua kipimo, mayai yako yana mabaki yake, na siku utakapoihitaji kweli haitafanya kazi. Dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Chupa isiyo na jina, namba ya usajili wala tarehe haina wa kumuuliza.

23. Vifaranga nao?

Wiki tatu za mwanzo waachie chakula chao, maji safi na joto. Utumbo wao ni mdogo, na kila jani linachukua nafasi ya protini. Baada ya hapo mlonge uliosagwa laini, kilo 1 hadi 2 kwa kilo 100. Mwarobaini, shubiri na pilipili hawahitaji.

24. Nina layers ndani na kuku wa kienyeji wanaozurura nje. Nitunze wapi zaidi?

Chanja wote siku moja. Wa nje ndio wanaokutana na kuku wa jirani na waliotoka mnadani, kisha wanakuja kudonoa mlangoni pa banda la layers. Kuwapa wa ndani mlonge na kuwaacha wa nje bila tone la jicho ni kazi bure.

25. Nipo kwenye dozi ya dawa ya minyoo au antibayotiki. Niendelee na mitishamba?

Simamisha yote isipokuwa mlonge wa kwenye chakula, mpaka dozi iishe. Papai mbegu na maboga mbegu, ambazo wengi hutumia kwa minyoo, zinaweza kufuata baadaye kama nyongeza, lakini usizichanganye siku moja na dawa ya dukani, hutajua kipi kimefanya kazi na kipi kimewafanya waharishe. Na kama chanjo imekaribia, minyoo itolewe kwanza, angalau wiki moja kabla, ndipo uchanje.